Hoteli ya Kihindi Makindu? Jaribu uone

Wasee, mnaniuliza mbona sijawahi kuwawekea video ya hoteli za Kihindi hapa Makindu. Sasa utauzia nani chapati, na hekalu la Makalasinga, lile la 1926, linalisha kila msafiri wa Mombasa bure? Unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa dengu, chapati, chai. Nyama hakuna, usiulize.

Mwaka nilioacha chuo nilikula pale karibu wiki mbili, nikijifanya nangoja basi. Siku moja mzee anayegawa chapati akaniambia, "Kijana, hiyo basi yako imechelewa sana." Akaniongezea mbili.

Mpaka leo nikiingia pale, simu inabaki mfukoni. Hiyo video tafuteni kwa mwingine.