Kuacha na Kuachia

Katika Kiswahili hakuna kitenzi kilichonisumbua moyo kama kitenzi acha. Si kwa ugumu wa umbo lake, kwani mzizi wake ni mfupi, na minyambuliko yake hufuata kanuni ambazo kila mwanachuo amezikariri. Kilinisumbua kwa sababu binti yangu, kifungua mimba, aliniuliza maana yake akiwa ameketi mchangani huku goti likimvuja damu, nami, mwalimu wa lugha hii kwa miaka mingi, sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Ilikuwa mwaka 2013, naye alikuwa na umri wa miaka sita. Sisi tunaishi Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili ndicho lugha ya uani na ya barazani, na ambao mafundi wake hawashindwi na chuma. Mmoja wa mafundi hao alituundia baiskeli ndogo kutokana na mabaki ya baiskeli tatu kuukuu. Kila jioni nilikimbia nyuma ya binti yangu nikiwa nimeshika tandiko, naye akawa anakanyaga huku akiniuliza, “Mama, umenishika?” Nami nikawa najibu, “Nimekushika.” Jioni ya nne nilimjibu vivyo hivyo, ilhali mkono nilikuwa nimekwisha kuuondoa. Alikwenda peke yake hatua kama ishirini, akageuka, akaniona niko mbali, akaanguka.

“Umeniacha!” alilia.

“Sikukuacha, mwanangu. Nimekuachia.”

“Tofauti yake ni nini?”

Nilimpangusa mchanga, nikaanza kumweleza habari ya kauli ya kutendea. Hakutaka kusikia habari za viambishi. Alitaka kujua kwa nini nilimwambia nimemshika hali sikuwa nimemshika.

Usiku ule nilikumbuka kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza kumhadaa kwa ajili ya kumkuza. Alipotimiza miaka miwili nilimwachisha ziwa, na kwa ushauri wa bibi yake nilijipaka shubiri ili maziwa yamchukize. Alionja, akanitazama kwa mshangao, akalia, kisha akasahau. Watoto wa miaka miwili husahau, bali wa miaka sita hawasahau. Tangu jioni ile niliazimia kwamba, kila nitakapoondoa mkono, nitatamka kwanza, “Nakuachia sasa.” Nililitimiza azimio hilo, na binti yangu alijifunza kuendesha baiskeli katika juma lililofuata.

Barabara za Buyenzi ni tambarare, lakini mji wenyewe sivyo ulivyo. Bujumbura imelala ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na upande wake wa mashariki vilima hupanda ghafla kama ukuta. Barabara iendayo Bugarama huanza katika kimo cha mita takriban 775 juu ya usawa wa bahari na, katika mwendo usiozidi kilomita 40, hupita mita 2,000. Kila siku vijana kutoka huko juu huteremka kwa baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, huku wakikata kona mwili ukiwa umeinama. Baadhi yao, breki zinapochakaa, hukandamiza gurudumu kwa soli ya kiatu. Wakati wa kurejea hujishikiza nyuma ya malori, na lori huwavuta hadi mlimani.

Mume wangu ni dereva wa lori katika njia hiyo. Katika kioo cha pembeni huona mikono ya vijana wa watu imeng'ang'ania bodi ya gari lake. Hajapata kunisimulia yote aliyoyaona, lakini zipo siku alizorudi nyumbani akanawa, akaketi, asile. Kwa hiyo watoto waliponijia na ombi la kupanda Kiriri Jumapili ili washuke kwa baiskeli, baba yao alisema neno moja tu: “Hapana.”

Nilimjua. Hapana yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya hofu, na hofu haishindwi kwa mabishano. Nilingoja. Baada ya miezi kadhaa yeye mwenyewe aliweka masharti: breki angezikagua yeye kila Jumamosi, tungeshuka asubuhi na mapema kabla magari hayajawa mengi, na hakuna ambaye angemtangulia mama. Kisha akawafundisha watoto kanuni mbili za udereva wake. Ya kwanza, breki hukabwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Ya pili, mtu hutazama mahali anapotaka kwenda, hatazami gurudumu lake wala shimo analoliogopa, kwa maana baiskeli hufuata macho.

Hivyo ndivyo ilivyoanza desturi ya nyumba yetu. Tulikokota baiskeli hadi juu, karibu na kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Kutoka hapo mji mzima huonekana chini, kisha ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo. Tulikula maandazi, tukanywa maji, tukashuka. Mwaka 2015, mji ulipoingia katika machafuko, baiskeli ziliegemea ukuta miezi mingi, na watoto wakazunguka uani kama kuku waliofungiwa. Hali ilipotulia, tulipanda tena.

Ndipo, mwaka 2017, likatokea jambo ambalo mpaka leo silisimulii bila kushika mkono wangu wa kuume. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka saba. Kwenye tambarare aliweza, lakini mteremko ulikuwa mgeni kwake. Nilichagua sehemu fupi yenye mwinamo mdogo, nikakimbia nyuma yake nikiwa nimeshika tandiko, kama nilivyofanya kwa dada yake. Baiskeli ilipata kasi. Miguu yangu haikuweza tena kuifuata. Huo ndio wakati niliopaswa kusema, “Nakuachia sasa.” Sikusema. Niliona barabara mbele yake, nikaona kona, nikaona vyote ambavyo mume wangu hakupata kunisimulia, na vidole vyangu vikajifunga. Nilivuta. Baiskeli ilipinda ubavu, mtoto akarushwa, mkono wake ukavunjika.

Baba yao alitukuta hospitalini, vumbi la safari lingali usoni mwake. Nilisubiri lawama, kwa kuwa nilizistahili.

“Ulimwacha?” aliuliza.

“Hapana. Nilimshikilia.”

Alinyamaza kitambo, akamtazama mtoto aliyekuwa amelala na mkono wenye plasta. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Hata breki ikikabwa kupita kiasi, huangusha.”

Hakuongeza neno, wala hakulirudia siku nyingine. Lakini mimi nililirudia moyoni mara nyingi, na humo ndimo nilimopata jibu ambalo binti yangu aliningojea kwa miaka minne. Tazama, ewe mwanachuo, sentensi hizi mbili: nimekuacha na nimekuachia. Kiambishi cha mtendwa ni kimoja katika zote mbili, yaani -ku-, lakini kazi yake si moja. Katika nimekuacha, anayeachwa ni wewe. Katika nimekuachia, wewe ni mpokeaji, na kinachoachwa ni kitu kingine: tandiko, njia, uamuzi. Irabu moja tu iliyoingia kati ya mzizi na kiishio humtoa mtoto katika hali ya kuwa kitu kilichotupwa, ikamfanya mtu aliyekabidhiwa. Mzazi asiyeijua tofauti hiyo hudhani kwamba njia ya kutomwacha mwanawe ni kumshikilia. Mimi nilidhani hivyo, na gharama yake alilipa mtoto.

Mkono ulipopona, mwanangu aliomba kurudi mlimani. Baba yake alinitazama mimi, si yeye, akangoja jibu. Nilikubali. Safari hiyo sikukimbia nyuma. Nilisimama chini, mwisho wa mwinamo, nikamwita. Alishuka polepole, breki zikilia, macho yakiwa kwangu.

Miaka ilipita, na sharti la kutomtangulia mama likafa lenyewe bila kufutwa na mtu. Binti yangu alipofika miaka kumi na mitatu nilianza kuona mgongo wake, kisha nikaona kitambaa chake cha kichwa tu kikipotea konani, kisha nikawa sioni kitu. Nilikuwa nimeingia katika kauli ya kutendwa: niliachwa. Sitaficha kwamba iliuma. Mtu hufurahi kuona mwanawe ameweza, na papo hapo hutamani angalau kona moja zaidi ambayo mtoto hawezi kuikata bila yeye.

Hata hivyo, nilipofika chini nilimkuta daima mahali pamoja, chini ya mwembe, mguu mmoja juu ya kanyagio na mwingine ardhini. Hakuwa akipumzika, alikuwa akinisubiri. Siku moja nilimwambia aende nyumbani na wadogo zake, nami ningefuata. Akasema, “Tulipokuwa wadogo, Mama, wewe ulitungoja.”

Maneno hayo yalinikumbusha kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi wangu. Katika nchi za baridi, familia hupanda milima wakati wa theluji, wakateleza kwa mbao nyembamba zilizofungwa miguuni, mchezo uitwao skii. Mwezi Februari 1998, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji, alishiriki mbio za skii za kilomita 10. Alikuwa wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amefika takriban dakika 20 kabla yake, lakini hakuondoka. Alibaki mwisho wa njia, sherehe ya medali ikacheleweshwa, mpaka Boit alipofika, akamkumbatia. Baadaye Boit alipopata mtoto wa kiume alimwita Daehlie. Mtu hampi mwanawe jina la aliyemshinda tu. Boit alimpa jina la aliyemngojea. Nilipowasimulia wanangu kisa hicho, yule wa pili alicheka akasema, “Basi Mama ndiye Boit wetu.”

Mwezi Machi 2022 baiskeli zilipigwa marufuku katikati ya jiji, nasi tukalazimika kutafuta njia za pembezoni ili kufika mlimani. Safari zikawa ndefu na chache. Binti yangu alikuwa na mitihani, na ndugu yake alikuwa na marafiki ambao Jumapili yao haikuwa na mama. Zipo Jumapili nilizopanda na kitinda mimba peke yake. Huyu sikumfundisha mimi. Alifundishwa na dada na kaka yake, nami nilitazama kutoka kibarazani. Nilimsikia dada yake akimwambia, “Nakuachia sasa,” kwa sauti ile ile niliyodhani ni yangu.

Mwaka 2025 kifungua mimba alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu huko Dar es Salaam. Basi liliondoka alfajiri. Baba yake alilizunguka mara mbili akitazama magurudumu, kisha akazungumza na dereva kuhusu breki, kwa heshima lakini kwa urefu. Ndugu zake walipiga kelele na kufanya mzaha. Mimi nilibeba begi lake dogo mpaka mlangoni, na tulipofika mlangoni sikulitoa. Nilimweleza habari za chakula cha njiani na za hati zake. Nilimkumbusha salamu za kumfikishia shangazi yake. Kisha nikaanza tena habari za chakula.

Alikuwa ameushika ukanda mmoja wa begi, nami nimeushika wa pili.

“Niachie, Mama,” alisema taratibu.

“Nimekuachia,” nikamjibu. Na safari hii lilikuwa neno la kweli.

Ewe mwanachuo, utakapofundisha mnyambuliko wa vitenzi, utachora jedwali ubaoni: acha, achia, achisha, achwa, achana. Ni wajibu wako kulichora, na wanafunzi wako watalinakili. Lakini usiondoke darasani kabla hawajakutungia sentensi kutoka nyumbani kwao. Waulize nani aliwaachia nini, na ni nani walidhani amewaacha. Wengine watakuwa na majibu mazito. Wape muda.

Jumapili iliyofuata tulipanda Kiriri watatu badala ya wanne. Kijana wangu alishuka wa kwanza, akaenda zake kwa rafiki zake. Kitinda mimba alimfuata, na mimi nikabaki nyuma, nikikaba breki kabla ya kila kona kama tulivyofundishwa. Nilipofika chini nilimkuta amesimama chini ya mwembe, mguu mmoja juu ya kanyagio na mwingine ardhini, akitazama juu barabarani ili ahakikishe kwamba nakuja.