Wastani Hauvai Gauni: Dada Zangu, Tuhesabiwe Sote



Najua wengi wenu mmezoea kunikuta hapa nikizungumzia lesi, mitandio na magauni ya nikaha. Leo nataka tuzungumze vipimo vya aina nyengine, vipimo vya afya. Biharusi, usikimbie. Jambo hili linakuhusu kuliko unavyodhani.

Nina shoga yangu, mteja wangu wa siku nyingi, anafanya kazi ya takwimu. Hivi karibuni alikuwa kwenye mafunzo ya kupima pengo la afya baina ya watu: matajiri na maskini, mjini na shamba, waliosoma na wasiosoma. Alipokuja kupima gauni la Idi nikamtania, "Wiki mbili nzima watu wazima mnafundishwa kuhesabu?" Akaniuliza, "Ukiwapima wateja kumi kifua, ukajumlisha, ukagawa kwa kumi, kisha ukashona magauni kumi kwa kipimo hicho kimoja, yatawakaa wangapi?" Nikacheka. Labda mmoja. Labda hakuna. "Basi," akaniambia, "ndiyo kazi yenyewe. Wastani hauna mwili."

Tuchukue mfano wa kweli. Utafiti mkubwa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanywa Tanzania nzima, bara na visiwani, mwaka 2022 ulihoji zaidi ya wanawake 15,000. Ulionesha kuwa katika kila watoto 100 waliozaliwa, 81 walizaliwa kwenye kituo cha afya. Katika utafiti kama huo wa mwaka 2015 na 2016 walikuwa 63 tu. Alhamdulillah, ni hatua kubwa. Lakini fundi akiona kitambaa kimepungua anauliza kimepungua wapi. Wale 19 waliobaki ni watoto wa nani? Wanaishi wapi? Mama zao walisoma hadi wapi? Kituo kiko mbali kiasi gani, na nauli wanapata wapi?

Nauliza kwa sababu mmoja katika waliobaki ni dada yangu wa tumbo moja. Alijifungua nyumbani, Pemba, usiku wa mvua, gari hakuna na pesa ya kukodi hakuna. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakufika asubuhi. Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Qadar ya Allah tumeipokea. Ila kila nikisikia redioni kuwa hali ya akina mama inazidi kuwa nzuri, nafurahi, kisha namkumbuka dada yangu. Habari ile ni ya kweli na yeye hayumo ndani yake.

Sasa wanafundishwa nini hasa? Nilimuuliza sana, maana mimi elimu yangu ni sekondari na kozi ya ushoni, nikitaka kuelewa lazima nielezwe kwa uzi na sindano.

Kwanza, wanajifunza kumjua maskini bila kumuuliza mshahara. Sisi wengi hatuna mshahara; leo umeuza, kesho hukuuza. Kwa hiyo wanaouliza nyumba kwa nyumba wanatazama vitu: sakafu ni ya udongo au saruji, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, kuna umeme, simu, friji, baskeli. Kila kitu kinapewa uzito wake, kaya zote zinapangwa kwenye mstari mmoja, kutoka yenye kidogo mpaka yenye kingi, kisha mstari unakatwa mafungu matano yaliyo sawa. Hapo ndipo unapouliza: katika fungu la chini wangapi walizalia kituoni, na katika fungu la juu wangapi?

Pili, wanajifunza kupima pengo kwa njia mbili. Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia tu, watoto 60 katika 1,000 wa mafungu ya chini wanafariki, na 20 kwa wale wa juu. Miaka ikapita, wakawa 40 na 10. Ukitoa, pengo limeshuka kutoka 40 hadi 30. Ukigawanya, mtoto wa maskini alikuwa na hatari mara tatu ya mtoto wa tajiri, sasa ni mara nne. Hesabu zote mbili ni sahihi! Anayetaka kujisifu atachukua moja na kuficha nyengine. Mtafiti mwaminifu anafundishwa kuzisema zote.

Tatu, kujua kikomo. Ukikata kitambaa vipande vidogo mno hakishoneki tena. Hivyo hivyo, ukiwagawa waliohojiwa kwa mkoa, kisha kwa kipato, kisha kwa elimu, unaweza kubakiwa na wanawake watano kwenye fungu, na maneno ya watu watano hayatoshi kusemea wilaya nzima.

Mambo haya yana watu waliyoyafanyia kazi maisha yao. Katika Chuo Kikuu cha Pelotas, kule Brazili, kuna kituo kinachochambua pengo la afya katika nchi nyingi, na kimefundisha watafiti wengi, wakiwemo wa Afrika. Daktari Cesar Victora wa huko alieleza na wenzake mwaka 2000 jambo ambalo sisi wauza nguo tunalijua: kitu kipya kikija, wenye nacho ndio wa mwanzo kukivaa. Huduma mpya ya afya nayo huwafikia matajiri kwanza, kwa hiyo pengo hupanuka kabla ya kuanza kupungua. Shirika la Afya Duniani nalo limetengeneza programu ya kompyuta ya bure ya kuchora mapengo haya, ili ofisi za nchi zetu zijifanyie hesabu zenyewe.

Lakini mafunzo yote hayo yanasimama juu ya kitu kimoja: jibu lako wewe mlangoni. Shoga yangu anasema wanawake wengi wanasitirika kwa maneno. Amekwenda kliniki mara moja, anasema nne. Amezalia nyumbani, anasema hospitali, kwa sababu mavyaa yuko karibu anasikiliza. Naelewa aibu hiyo, tumelelewa kusitiri mambo ya ndani. Lakini maskini anapojibu kama tajiri, pengo linafutika kwenye karatasi na kubaki kwenye maisha. Mkunga hapelekwi, boti ya wagonjwa hainunuliwi, kwa sababu karatasi inasema huko mambo ni mazuri.

Dini yetu imelitilia mkazo jambo la vipimo mpaka ikateremka sura nzima kwa jina la wapunjao, Suratul Mutaffifin. Tunaisoma tukimfikiria muuza mchele na mizani yake. Mimi siku hizi namfikiria pia anayehesabu watu, na anayehesabiwa. Kusema kweli juu ya hali yako ni ushahidi, na ushahidi ni amana.

Basi biharusi wangu, pamoja na orodha ya singo, hina na ubani, naomba uweke na haya.

Siku utakayojua una mimba, nenda kliniki mapema, usisubiri tumbo lionekane. Mwambie mumeo mapema nani atalipa gari usiku. Akina dada wenye mchezo wa pesa, tengeni fungu dogo la nauli ya mja mzito. Sisi dukani kwangu tumeanza, kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa wiki, na wasichana wawili wameshasaidika.

Wakija watu wa utafiti wenye vitambulisho, wakaribishe. Una haki ya kuhojiwa faragha, na swali usilolitaka una haki ya kulikataa. Lakini ukijibu, jibu kweli.

Na ukisikia "wastani umepanda", usinune, furahi. Kisha uliza kwa adabu: na wale wa chini kabisa, wamepanda?

Allah awarehemu watoto wetu waliotutangulia, awape subira mama zao, na awaneemeshe kizazi chema mabiharusi wetu wote. Amin.