Mchanga uliomfukuza Koko Mulongwe, na mchanga ambao mjukuu wake alitaka kununua Amerika

UVIRA, Kivu Kusini. Kila siku ya Mungu, baada ya ibada, mama huyu hukaa karibu na dirisha, pahali ambapo mtandao unashika, akingojea sauti ya mwanawe. Mwana huyo anaishi Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, alikopelekwa na jamaa yake baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Mara nyingi wanaongea juu ya afya, masomo ya watoto na baridi. Lakini siku moja, mwezi wa pili 2021, baba na mtoto walikuwa wamegombana, na sababu ya ugomvi ilikuwa mchanga.

Mjukuu wake wa miaka 13 alikuwa amepewa na mwalimu wa sayansi tangi la vioo la kufugia samaki, pamoja na pampu, taa na kifaa cha kupasha maji moto. Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 61 na upana wa sentimita 31, na linaingia maji lita 75. Mtoto hakutaka samaki wa maji baridi. Alitaka maji ya chumvi, mawe ya baharini na matumbawe, kama alivyoyaona darasani. Kwa kufagia theluji mbele ya nyumba za majirani alikuwa ameweka dola 90, na sasa alitaka kutoa dola 80 kununua mifuko miwili ya mchanga.

"Mchanga unauzwa?" mama akauliza. "Dola 80?"

"Unauzwa, Mama. Ndiyo maana tumegombana."

Mama akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Papa, huku mchanga ndio ulitufukuza nyumbani."

Wote wawili walijua anasema nini. Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne 2020, mvua kubwa ilinyesha milimani juu ya Uvira na Mto Mulongwe ukatoka njia yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibika. Mama alitoka na wajukuu wawili na kitabu cha sala. Maji yalipopungua alirudi kuangalia kiwanja chake. Nyumba ilikuwa imesimama, lakini mchanga na mawe vilikuwa vimefika kwenye dirisha. Mlango haukuonekana. Tangu siku hiyo analala kwa binti ya dada yake, chumba kimoja, watu saba.

Kwa hiyo baba alikuwa na hesabu yake. Katika duka la vifaa vya ujenzi kuna mchanga wa watoto wa kuchezea, kilo 23 kwa dola sita. Mtoto achukue huo, na pesa inayobaki itumwe kwa Koko. Mtoto akakataa. Yeye alitaka ule mchanga unaoitwa hai, unaouzwa ukiwa bado na unyevu, wenye bakteria ndani. Alisema bila huo samaki watakufa. Baba akamwambia kwamba bibi yake ni mtu, samaki ni samaki. Mtoto alikwenda kulala bila kula.

"Umpe simu," mama akasema.

Mtoto alipoishika, Koko hakumgombeza. Alimuuliza swali moja tu: "Katika huo mchanga, nani atakaa?"

Hapo mtoto akaanza kueleza. Kuna samaki mdogo wa baharini, wa rangi ya manjano, mwenye macho makubwa. Anaishi shimo moja na kamba mdogo. Kamba ndiye mchimbaji: mchana kutwa anatoa mchanga nje kama mtu mwenye chepeo. Lakini haoni vizuri, kwa hiyo anapotoka shimoni anamgusa samaki kwa papasi yake. Samaki anakaa mlangoni kama mlinzi. Akiona hatari anatikisa mkia, na wote wawili wanaingia ndani.

Koko alicheka. Alimwambia kwamba hata katika Ziwa Tanganyika kuna samaki wadogo wanaokaa ndani ya magamba matupu ya konokono, huko chini kwenye mchanga, na wanazalia humo. Wavuvi wanawajua. Kila kiumbe kinatafuta nyumba.

Halafu akauliza swali la pili: "Punje zake ziko namna gani?"

Mama huyu hakusoma sayansi, lakini marehemu mume wake alikuwa fundi wa kujenga, na yeye mwenyewe alibeba mchanga kichwani miaka mingi kutoka mtoni. Anajua kwamba mchanga laini wa saizi moja ni mzuri kwa kulainisha ukuta, lakini ukichimba shimo ndani yake linaporomoka. Mchanga wenye punje kubwa na ndogo pamoja unashikana. Akamwambia mjukuu: kama mchimbaji wako anataka shimo lisimame, umtafutie mchanga uliochanganyika, na vipande vya magamba ndani yake.

Baba, aliyekuwa anasikiliza, alikubali kwamba hilo hakuliwaza. Siku iliyofuata alikwenda na mtoto kwa mwalimu, na huko wakapata hesabu kamili.

Mchanga wa kuchezea mara nyingi ni silika, jamii moja na kioo. Hauui samaki, lakini ule wa dola sita ulikuwa na vumbi jingi na punje zake zilikuwa karibu saizi moja. Mchanga wa matumbawe unaitwa aragoniti. Umetokana na kitu kilekile kinachojenga magamba ya konokono na mifupa ya matumbawe. Kuutambua ni rahisi: dondoshea siki, na ukiwa wa aragoniti utatoa povu. Mtoto alijaribu yote miwili kwenye sahani. Mmoja ulitoa povu, mwingine ulikaa kimya.

Punje laini sana, kama sukari, zinarushwa na pampu na kufunika matumbawe. Punje kubwa kama maharagwe zinaacha chakula na uchafu kuingia katikati na kuoza. Kwa tangi la matumbawe wengi wanachagua punje za milimita moja au mbili, na mwenye kamba mchimbaji anachanganya na vipande vikubwa kidogo. Kuhusu kina, sentimita mbili au tatu zingetosha kwa samaki wa kawaida. Kamba anahitaji kama tano. Kuweka mchanga mwingi zaidi bila kujua kunaweza kuleta sehemu zisizo na hewa chini, zenye gesi inayonuka kama yai bovu.

Na ule uhai? Mwalimu alieleza kwamba bakteria haihitaji kununuliwa kwa bei hiyo. Mchanga mkavu, ukiwekwa katika maji ya chumvi pamoja na kikombe kimoja cha mchanga kutoka tangi linaloishi, unapata bakteria wake wenyewe. Kinachohitajika ni wiki kadhaa za kungoja. Mwalimu akatoa kikombe hicho katika tangi la darasa.

Walinunua mfuko mmoja wa aragoniti kavu, kilo 18, dola 38. Kwa tangi lile ulitosha na ukabaki. Katika dola 90 za mtoto zikabaki 52. Baba hakusema neno. Mtoto mwenyewe alizihesabu mezani, akazisukuma upande wa baba yake na kusema, "Hizi ni za Koko."

Kazi iliyofuata Koko aliifuata kwa simu, na alikuwa na maneno yake. Waoshe mchanga katika ndoo mpaka maji yatoke meupe. Walibadilisha maji mara kumi na mbili. Mawe yatangulie kwenye kioo, ndipo mchanga uzunguke mawe, kwa sababu mchimbaji akichimba chini ya jiwe lililokaa juu ya mchanga, jiwe litamwangukia. "Msingi kwanza," alisema, na mwalimu alikuwa amesema vilevile.

Siku ya kwanza maji yalikuwa kama maziwa. Siku ya tatu yakatulia. Wiki ya tatu mchanga ulifunikwa na utando wa rangi ya kahawa, mtoto akaogopa kwamba ameharibu kila kitu. Ni jambo la kawaida katika tangi jipya, na lilipita. Kila baada ya siku chache alipima amonia, sumu inayotoka katika uchafu. Iliposhuka mpaka sufuri, na ikabaki hapo, samaki na kamba waliletwa. Ilikuwa wiki ya saba. Usiku huohuo kamba alianza kuchimba. Shimo la kwanza liliporomoka. La pili, chini ya jiwe, lilisimama.

Huku Uvira, mama alipokea zile dola 52. Watu wa nyumbani walifikiri atanunua mabati. Yeye aliita vijana wawili wa mtaa, akaenda nao Mulongwe. Walichimba siku nne mbele ya nyumba yake. Mchanga waliotoa, fundi mmoja aliununua, na pesa hiyo ikawaongezea vijana siku mbili zaidi za kazi. Siku ya sita chepeo iligonga saruji. Ilikuwa kizingiti cha mlango, na ile alama ya kiganja ambayo mume wake aliiacha mwaka walipojenga.

Hajarudi kulala pale. Mto uko palepale, na kila wingu likitanda juu ya milima yeye hukaa macho. Lakini mlango sasa unafunguka.

Siku ya Mungu iliyofuata, picha mbili zilipita katika simu. Moja ilionyesha samaki wa manjano amesimama mbele ya shimo, na nyingine ilionyesha kizingiti. Mtoto aliuliza kama mchanga wa Mulongwe una punje kubwa au ndogo.

"Umechanganyika," Koko akajibu. "Unashikana vizuri sana. Ndiyo maana kuutoa ni kazi."

Tangu hapo, kabla ya kuuliza habari za masomo na baridi, anaanza na shimo: je, bado lipo?