Mizizi ya Kuegeshea Baskeli

Skuli yetu ya Kengeja ilikuwa na pahali pa kuweka vyombo kabla vyombo vyenyewe havijawa vingi. Pahali hapo palikuwa chini ya mwembe, na kila mwalimu alikuwa na mzizi wake wa kuegeshea baskeli. Mzizi mnene wa upande wa kibla ulikuwa wa mwalimu mkuu, mwenye Raleigh nyeusi iliyokuwa na kengele na taa ya dainamo. Hapana mtu aliyeandika jina lake pale, lakini mwalimu mgeni aliwahi kuegesha hapo siku yake ya kwanza, na mpaka saa nne wanafunzi wote walikuwa wanajua. Wakaguzi wakija kutoka Chake Chake, Land Rover yao ikibaki juani. Kivuli kimeshajaa, na nani angehamisha baskeli za wenyewe kwa ajili ya mgeni wa saa mbili?

Mwembe ule haukuwa wa skuli. Jambo hili humtatiza mtu wa bara, na siku hizi hata vijana wa mjini Unguja. Kwetu Pemba mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na hao si lazima wawe mtu mmoja. Mzee anaweza kuwa na mikarafuu kumi ndani ya shamba la mwenziwe: msimu ukifika anaingia na ngazi na watu wake, anachuma, anaondoka. Akifa, wanawe wanairithi miti ile kwa mafungu ya sheria, mtoto wa kike na fungu lake. Mwanaanthropolojia wa Kiingereza, John Middleton, alikuja kuyachunguza mambo haya mwishoni mwa utawala wa kikoloni, na kitabu chake kuhusu umiliki wa ardhi Zanzibar kilichapishwa 1961. Wazee wa kiambo chetu wangemweleza yote kwa kikombe kimoja cha kahawa, ila wasingemaliza siku hiyo hiyo.

Mwenye mwembe wetu alikuwa bibi wa kiambo cha jirani. Mwaka mmoja tawi lake kubwa lilianza kukwaruza bati la darasa, na walimu wakataka kulikata na papo hapo kupanua kidogo ile sehemu ya baskeli, maana walimu walikuwa wameongezeka. Basi ukaundwa msafara: mwalimu mkuu, sheha, wazee wawili, na mimi nyuma na pakacha la machungwa kichwani. Tulikaribishwa jamvi. Wakaulizana hali za watu wa Mwambe, hali za watu wa Mtambile, mvua, karafuu, mgonjwa wa nyumba ya tatu. Kahawa ikanyweka. Machungwa yakapokewa na kuhesabiwa mbele yetu, moja moja, bila ya haya. Adhuhuri ilikuwa imekaribia mwalimu mkuu alipokohoa na kusema, "Bi mkubwa, tumekuja na jambo letu dogo."

Bibi alikuwa analijua jambo lenyewe tangu juzi. Akajibu, "Tawi kateni, wanangu. Lakini kuni zake ni zangu, mtoto asiurushie mti jiwe, na embe za kuanguka Ijumaa asiziokote mtu, nitakuja mwenyewe." Wakaitikia wote pamoja. Tangu hapo, kila msimu wa embe, kapu la kwanza lilipelekwa kwake na skuli, naye akirudisha nusu. Alipofariki, mwalimu mkuu mwingine, ambaye hakuwepo siku ya machungwa, alikwenda hitimani, na siku zilipopita akarudi kwa warithi kuomba upya. Wakampa. Mmoja wao akaongeza sharti kuhusu popo, ambalo sijalielewa mpaka leo.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa pepo. Aliyeombwa ruhusa alikuwa mwenye uso mbele za watu. Mvuja jasho aliyekuja kulima kwa hisani ya mwenye shamba hakuna aliyempelekea machungwa, na kesi ya mkarafuu mmoja baina ya ndugu wawili iliweza kuchukua umri wa mtu, ikaachiwa watoto pamoja na urithi wenyewe.

Tuliombana hivyo si kwa kukosa sheria. Sheria ya mipango ya miji na vijiji ilikuwapo, na mapema: Zanzibar ilipata dikrii yake 1955. Ila mchoro wenyewe ulikuwa unaishia mjini. Ramani za Lanchester za 1923, za Kendall za 1958, za Wajerumani wa Mashariki za 1968 na za Wachina za 1982 zote zilikuwa zinashughulika na Mji wa Zanzibar, wapi pakae barabara, wapi pasimame majumba ya Michenzani. Kengeja hatukuwa na mtu wa kutuchorea. Kilichotufikia sisi ni agizo la tarehe 8 Machi 1964, lililoifanya ardhi yote kuwa ya Serikali, kisha kuanzia 1965 ugawaji wa eka tatu tatu. Sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992 ikaja kuyapanga hayo: unapewa haki ya matumizi, ardhi ni ya umma. Watu wakajifunza haraka. Ardhi haiuzwi? Basi nauza minazi yangu mitano, na wewe mnunuzi unajua kilicho chini yake.

Kama ile michoro, elimu ya juu nayo ilikuwa ng'ambo. Kijana wa Kengeja aliyefaulu alipanda meli Mkoani, akashukia Unguja, akapanda nyingine mpaka Dar es Salaam. Mwaka 1998 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na Chuo cha Elimu Chukwani. Mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kilichopokea wanafunzi wa mwanzo 2001 na kuanzia Vuga, kwenye majengo ya mjini ambako hata vespa inatafuta pa kusimama. Leo SUZA ina kampasi Tunguu, na sisi Wapemba tuna yetu Mchanga Mdogo, yenye jina la Benjamin Mkapa. Kengeja tumebaki na skuli ya ufundi, nayo si haba.

Mimi niliishia Unguja, katika chuo ambacho sitakitaja, na uzee ulipoanza kuninyemelea wakanitia kwenye kamati ya majengo. Huko ndiko nilikokutana na maegesho. Chuo kilipofunguliwa wahadhiri wenye gari walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kisha zikaja gari za mtumba kutoka Japani, Vitz, IST, Noah, na mwanafunzi wa mwaka wa pili akawa anakuja na gari, mwalimu wake anashuka daladala. Malalamiko yakaanza: gari zinaibana njia ya wagonjwa, gari zinapaki juu ya bustani, dekani amekosa pa kusimama. Kikao kikaamua paki ipanuliwe kwa gari arubaini.

Gari arubaini ni kiwanja gani? Ukiweka nafasi ya gari yenyewe, njia ya kupita na ya kugeuzia, kila gari inakula kama mita za mraba 25. Arubaini zinakula 1,000, yaani robo eka. Kichwa changu cha Kipemba kikaigeuza hesabu ile kuwa mikarafuu: mkarafuu mmoja uliopandwa kwa nafasi ya mita saba unachukua mita za mraba 49. Gari mbili kwa mkarafuu mmoja. Nililisema hili kikaoni, wakacheka, mwenyekiti akaomba tuendelee na ajenda.

Faili likafunguliwa, na lazima nikiri kwamba lilikuwa na mambo ya maana. Hati ya matumizi ya ardhi. Mchoro wa mpimaji. Barua kwa Kamisheni ya Ardhi, taasisi ya sheria ya 2015. Masuala ya mazingira kwa mamlaka yake, ZEMA, ambayo nayo imetokana na sheria ya mwaka huo huo. Kijana mmoja wa mazingira, mwembamba, na shati lake limelowa jasho, alikaa na mimi akanionesha jambo ambalo wazee wangu hawakuwa na haja ya kulihesabu: mvua ya milimita 25 ikinyesha juu ya mita za mraba 1,000 za tofali za kupanga, ni lita 25,000 za maji yasiyo na pa kuzama. "Yatakwenda wapi, Maalim?" Nikafikiria vilima vya kwetu Kengeja, na mabonde ya mpunga yaliyo chini yake, na masika. Swali lile lilistahili kuulizwa miaka mingi nyuma, mahala pengi. Mtaro ukaongezwa kwenye mchoro.

Fomu ilikuwa na sehemu ya vipando. Tukahesabu minazi mitatu, mfenesi mmoja, mwembe mmoja. Mwembe ulikuwa wa mzee mmoja wa pale jirani, aliyekuwa nao kabla chuo hakijawepo. Ukathaminiwa, mwenyewe akaitwa, akatia saini, akalipwa fidia yake halali. Msumeno ulipita asubuhi moja. Hatukumwonea, na karatasi zote zipo. Isipokuwa msimu uliofuata alikuja getini na kapu mkononi, kwa mazoea tu nadhani, na mlinzi akamuuliza anamtaka nani na kitambulisho chake kiko wapi. Nilisikia habari hiyo jioni. Katika faili lote lile, kurasa zaidi ya sitini, hapakuwa na pahali panaposema chuo kinadaiwa nini na mzee yule baada ya muhuri, na kwa sheria jibu ni kwamba hakidaiwi kitu. Skuli ya Kengeja ilikuwa inadaiwa kapu la embe kila mwaka kwa tawi moja tu, na deni lile ndilo lililomfanya mwalimu mkuu ajue nyumba ya bibi, na bibi ajue jina la kila mwalimu.

Nilipostaafu nikarudi. Siku hizi unafika Kengeja kwa lami. Mwembe wa skuli ulishaanguka wenyewe. Wengine wanasema upepo, wengine mchwa. Baskeli ni chache, na bodaboda husimama barabarani wakisubiri abiria wa Mtambile, kila mmoja na kipande chake cha kivuli cha ukuta, wanakigombania jua linavyohama. Kijana mmoja alinieleza kwamba kile kipande chake alipewa na aliyekuwa pale kabla yake, kwa soda mbili. Nikafurahi kupita kiasi, akanishangaa.

Juzi juzi mwenzangu wa ile kamati alinipigia simu. Paki imekwisha, tofali zimepangwa vizuri, mistari myeupe, mtaro unafanya kazi. Lakini saa sita mchana gari ndani yake hazifiki kumi. Joto la tofali zile halikaliki, usukani haushikiki, na watoto wa siku hizi hawataki kuingia kwenye gari la moto. Wanapaki nje ya ukuta, chini ya mikungu ya watu, mbele ya mama anayeuza urojo, ambaye sasa ameanza kulalamika kwa sheha. Kwa hiyo kamati imekaa tena, inataka kujenga mabanda ya mabati ili paki ipate kivuli. Mabati yana nguzo, na nguzo ni ujenzi, na ujenzi unataka kibali. Alikuwa ananiuliza kama nakumbuka ule mchoro wa kwanza tuliuweka kabati gani.