Kiti cha Soja

Nilizaliwa upande wa Molo, na kwetu kunguni hakuwa siri ya mtu. Jumamosi moja kila mwezi vitanda vilitolewa nje, vyetu na vya majirani, vikaegemezwa ukutani. Mama alichemsha maji kwenye debe akayamimina polepole kwenye viungo vya mbao, sisi tukiinama kuwatazama wakitoka: bapa, wekundu, na harufu yao kama dania iliyoanza kuoza. Jirani akipita njiani alimuuliza, "Wamekuwa wengi safari hii?" Mama alijibu bila kuinua kichwa, kama mtu aliyeulizwa habari za mvua.

Dawa tulikuwa nayo shambani. Mama alikuza pareto. Maua aliyachuma, akayaanika juani, na magunia yakashuka Nakuru kwenye kiwanda. Lakini konzi mbili tatu hakuziuza. Alizisaga kwa jiwe akanyunyiza unga wake chini ya godoro. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba maua ya nyanda zetu, Molo, Mau Narok na Kinangop, yaliiweka Kenya mbele ya dunia nzima kwa pareto kwa miaka mingi, na kwamba watu wa Ulaya na Marekani walinyunyiza nyumbani mwao dawa iliyotoka kwenye mikono kama ya mama yangu. Utotoni nilijua jambo moja tu: usiku wa unga ule tulilala.

Mwaka 1991 nilipata kazi ya ukarani wa stoo katika kiwanda cha kusaga nafaka mjini Nakuru. Hapo ndipo nilipojifunza kumwonea haya kunguni.

Hakuna aliyemtaja. Mtu akijikuna mkono mbele ya wenzake alisema ni mbu. Nami nimelifikiria sana jambo hilo, kwa sababu mbu hutuletea malaria na hakuna anayejificha kwa kuumwa na mbu. Kunguni hajathibitishwa kumwambukiza binadamu ugonjwa wowote. Anachokuachia ni mwasho, usingizi wa mang'amung'amu, na aibu. Aibu ndiyo iliyokuwa nzito. Pale kazini ilikuwa na bei yake pia, maana mfanyakazi aliyeonekana na kunguni alirudishwa nyumbani hadi apige dawa chumbani kwake, na siku hizo hazikulipwa. Wengi wetu tulikuwa wapangaji wa chumba kimoja, Kaptembwa, Rhonda au Bondeni, ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Wewe upige dawa leo, naye asipige, kesho kutwa wamerudi kupitia ufa wa dari. Nani angejitaja?

Tukanyamaza miaka na miaka. Tulinunua dawa za mkebe dukani, tukapuliza chini ya meza saa ya chakula, kila mtu kimya kimya kwa pesa yake. Kiwanda kilipofungwa kwa likizo ya Desemba tulidhani watakufa njaa. Kunguni mkubwa hukaa miezi bila kula, na Januari tuliwakuta wakitungoja.

Sasa nifike mahali ambapo moyo wangu bado haujatulia.

Mwanzoni mwa 2008 ghasia za baada ya uchaguzi ziliufikia mji wetu. Mwenzetu mmoja, mama aliyekuwa akishona midomo ya magunia, alichomewa nyumba. Akalala na wanawe kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru pamoja na maelfu ya wakimbizi wa ndani. Baada ya majuma machache alirudi kazini akiwa na mkoba mmoja wa nguo aliopewa na wasamaria wema. Juma hilohilo kunguni akaonekana juu ya mkono wa shati la mhasibu, mchana kweupe.

Macho yote yakageuka upande mmoja. Kwa kuwa mimi ndiye mwanamke niliyekuwa na miaka mingi pale, niliambiwa nikaseme naye. Nilimwita pembeni. Nilimwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Dada, huo mkoba uwe unauacha nje ya geti." Aliniangalia. Hakujibu. Aliutoa akauweka juu ya jiwe kando ya barabara, na mchana ule mvua ikanyesha. Alifanya kazi hadi mwisho wa mwezi, akachukua mshahara, hakurudi tena.

Miezi miwili baadaye kunguni walikuwa wamezidi. Meneja akaita mpiga dawa, mzee wa makamo mwenye tochi na kisu kidogo. Pampu aliiacha kwenye gari. Alichouliza kwanza ni, "Hapa nani hukaa mahali pamoja muda mrefu, hasa usiku?" Tukatazamana. Ni soja peke yake, mlinzi wetu wa usiku.

Kwenye kibanda cha soja palikuwa na kiti kikubwa cha sponji, kilichotolewa ofisini miaka mingi nyuma kilipochakaa. Mpiga dawa alikipindua. Alipasua kile kitambaa cheusi cha chini kwa kisu, akamulika. Pale mbao mbili zilipokutana palikuwa na madoa kama mtu aliyekung'uta kalamu ya wino. Kando yake mayai meupe, madogo kama chembe za chumvi, yamegandishwa safu safu. Kisha magamba matupu ya rangi ya chai, mengine madogo kama ncha ya pini, mengine makubwa kama punje ya kamande, na katikati yao wenye magamba wenyewe wakianza kuukimbia mwanga.

"Kunguni hujivua ngozi mara tano kabla ya kukomaa," alisema, "na kila mara lazima apate damu kwanza. Hii unayoiona si kazi ya juma moja wala ya mwezi. Hawa si wageni, mama. Hawa ni wenyeji."

Mzee soja alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikunja mikono ya koti lake akatuonyesha ngozi. Alikuwa ameumwa mwaka mzima na zaidi, akanyamaza akihofia kibarua chake. Koti hilo alilitundika kila asubuhi kwenye msumari uleule ambapo watu wa zamu ya mchana walitundika ovaroli zao. Kunguni hana bawa, haruki wala harukii mtu. Hutembea, na safari ndefu hubebwa. Malori nayo yalikuwa na vigodoro nyuma ya kiti cha dereva, na madereva wetu wa njia ya Eldoret walilala kwenye loji za Salgaa. Mlango wa kuingilia haukuwa mmoja, na hakuna hata mmoja uliopitia kwenye mkoba ule.

Nilikwenda kumtafuta yule mama. Alikuwa ameshahama na wanawe.

Mpiga dawa aliniambia jambo lingine lililoniuma kama binti wa pareto. Zile dawa za mkebe tulizokuwa tukipuliza, nyingi zimetengenezwa maabara kwa kuiga sumu ya ua letu, na katika nchi nyingi kunguni wameshazizoea. Si mara ya kwanza. DDT nayo ilidhaniwa imewamaliza, lakini kufikia 1947 kwenye kambi za wanajeshi wa Marekani kule Hawaii walikuwapo ambao haikuwaua. Kupuliza ovyo ovyo huwatawanya tu. Wanaingia ukutani, wanahamia chumba cha pili. Mama yangu alitumia unga wake pamoja na maji ya moto, jua na macho ya watoto watano. Sisi tulibeba dawa tukaacha hayo mengine yote.

Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati. Yetu ilipoundwa nilichaguliwa kuwakilisha wafanyakazi, na nilipigania sentensi moja hadi ikaandikwa: atakayetoa habari za kunguni hatakatwa hata siku moja ya mshahara. Likawekwa daftari getini. Juma la kwanza halikuandikwa kitu. Juma la pili mzee soja aliandika jina lake, tarehe, na neno "kotini". Baada yake wakaja wengine.

Kiti cha sponji kilichomwa, mzee soja akapewa cha plastiki. Nyufa za kibanda zikazibwa. Kila koti likapata msumari wake, baadaye tukanunuliwa kabati za chuma. Ovaroli zikafuliwa kwa maji ya moto palepale. Vigodoro vya malori vilianikwa kila Ijumaa, na fanicha kuukuu haikuvuka ua kabla ya kupitishiwa tochi na kadi ya simu iliyokwisha kukwaruzwa, kwenye kila mshono. Mpiga dawa alirudi baada ya siku 14 kuwapata waliokuwa ndani ya mayai. Kwa miaka kadhaa tulifunga makoti kwenye juala nyeusi tukayaacha juani, hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Agosti 2017, tukahamia ndoo zenye mfuniko. Kunguni waliwahi kurudi mara mbili. Mara zote mbili walishikwa wakiwa wachache, kwa sababu mtu alisema.

Nilistaafu. Mwaka jana nilipita pale kuwasalimu. Soja wa sasa ni kijana, na hakunijua. Aliinuka, akakipindua kiti, akakimulika chini kwa simu yake, ndipo akanisogezea.

"Karibu uketi, mama. Na samahani, naomba niangalie mkoba. Ni kawaida yetu hapa, hata meneja huwa namwangalia."

Nikamfungulia.