Tulipotafuta Pahali pa Kuzeekea

Dalali wa ardhi hakupeleki kiwanjani magharibi. Hilo tumelijua katika mwaka mmoja na nusu tuliouzungukia mwambao, sisi na mwenzetu wa nyumbani, tukitafuta pahali pa kumalizia umri wetu. Dalali hukupeleka saa nne za asubuhi, upepo wa bahari umeshaamka, jua halijawa kali, na kila mdudu yumo mafichoni mwake. Unasimama chini ya mnazi, unavuta pumzi, na tayari unajiona umetandika mkeka barazani.

Mama zetu, dada zetu na ndugu wasomaji, tunaandika haya kwa kuwa wengi wenu mmetuuliza baada ya darsa, "Sheikh, mmeshahama?" na jawabu yake haikuwa ya kujibiwa mlangoni pa msikiti huku mtu akitafuta viatu vyake.

Mwenzetu alisomesha shule ya msingi kwa miaka zaidi ya thelathini. Alipostaafu akapata kiinua mgongo chake. Sisi, tuliokuwa watu wa madrasa umri wetu wote, hatuna kiinua mgongo ila dua za wanafunzi. Wazo la kuhama lilikuwa letu, lakini sababu yake ilikuwa viungo vya mwenzetu. Mwanzoni mwa mwaka 2018, chikungunya ilipoenea Mombasa, ilimpata naye. Homa yenyewe ilikwisha kwa siku chache. Maumivu hayakwisha. Kwa miezi mingi alishindwa kukamua nguo, akashindwa kukaa juu ya mbuzi akuna nazi, na mwanamke ambaye hatujapata kumwona akikosa sijda akawa anasali juu ya kiti. Hadi leo, asubuhi ya baridi kidogo tu, vidole vyake huamka baada yake.

Jina la maradhi hayo linatokana na Kimakonde, kutoka kusini mwa Tanganyika ya zamani, ambako yalitambuliwa mara ya kwanza katika miaka ya 1952 na 1953. Maana yake ni kile kinachompinda mtu. Tulipomwona mwenzetu akishuka ngazi tulielewa kwamba waliolitoa jina hilo walikuwa wametazama vizuri.

Basi tukaweka masharti ya pahali tunapopataka. Pawe na joto, kwa ajili ya viungo. Msikiti uwe karibu. Hospitali isiwe safari ya nusu siku. Na mdudu aumaye asiwepo, au awe mchache. Sharti hili la mwisho ndilo lililotutembeza.

Kiwanja cha kwanza kilikuwa upande wa Kilifi, ukingoni mwa mkono wa bahari, mikoko mbele na miembe nyuma. Bei ilikuwa nzuri, na sisi tulikuwa tayari kutoa arubuni siku ile ile. Mwenzetu akasema, "Turudi magharibi." Dalali akacheka, akasema magharibi ana shughuli. Tukarudi peke yetu. Upepo ulikuwa umelala kabisa, maji yamekupwa, na matope ya mikoko yamebaki wazi yakinuka. Hatujamaliza kutafuta kibla tulipovamiwa na usubi. Asiyeujua usubi atadhani anachomwa na cheche za moto, kwa maana mdudu mwenyewe haonekani, ni kama punje ya vumbi yenye meno. Mzee mmoja aliyekuwa akishusha nyavu zake alitueleza kwamba hapo hamna dawa. Usubi huzaliwa katika matope yale yale, hutoka alfajiri na machweo hewa ikitulia, na tundu za chandarua cha kawaida kwake ni mlango wa wazi. Tuliposalimu amri na kuondoka, mikono ya mwenzetu ilikuwa na vipele tusivyoweza kuvihesabu.

Kutoka hapo tukajifunza kuuliza kuhusu upepo kabla ya kuuliza bei. Pahali panapotazama bahari wazi upande wa mashariki hupata kusi kwa nusu ya mwaka na kaskazi kwa sehemu kubwa ya nusu ya pili, na mdudu mdogo hawezi kuruka akishindana na pepo hizo. Pahali palipojificha nyuma ya mikoko au ndani ya kidimbwi cha miti hapapati kitu. Viwanja viwili vinaweza kutengana kwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kimoja ukalala mlango wazi, kingine usimalize rakaa mbili bila kujikuna.

Upande wa Kwale tulikwenda kwa tamaa ya ng'ombe wawili wa maziwa. Karibu na msitu wa Shimba Hills tukakutana na mbung'o. Huyu huuma mchana kweupe, tena huuma hata juu ya nguo, na ng'ombe wakiumwa naye hukonda kwa nagana mpaka wafe wasipotibiwa. Vijana wa pale walituonyesha mitego yao ya vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa kuwa mbung'o hupenda rangi hizo. Mwenzetu akajitazama buibui lake, akatutazama sisi, akarudi garini kimya kimya. Mjadala wa Kwale ukafungwa.

Wundanyi hatukukaa. Vilima vya Taita vina hewa nzuri na mbu wachache, ila usiku mmoja wa baridi ulitosha. Asubuhi alishindwa kufunga vifungo vya nguo yake.

Lamu hatukuitia hata katika orodha, ingawa nyumba ya mama mkwe wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, iko huko, na fungu la mwenzetu katika mirathi limo ndani yake. Tulikuwa na hoja. Mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu kabla ya kufika Mombasa, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kutoka mwambao wetu ikavuka hadi Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Tukasema, hatumrudishi mwenzetu kwenye mdomo wa simba. Tulilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma, na hakuna aliyetupinga.

Kisha, baada ya mvua za masika, akaja nyumbani kwetu mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa, msichana mdogo tuliyemsomesha juzuu amma. Aliomba kuona tunapohifadhi maji. Tukamwonyesha kwa fahari. Kila mwenye nyumba Mombasa anajua kwamba mfereji hauaminiki, na sisi tulikuwa na pipa kubwa la buluu tulilolinunua wenyewe miaka kadhaa kabla ya maradhi yale, tukaliweka kando ya mlango wa jikoni ili mwenzetu asiende mbali kuteka maji. Kifuniko chake kilikuwa kimepasuka zamani. Msichana akawasha tochi ya simu, akamulika ndani. Viluwiluwi vilikuwa vikipanda na kushuka kama herufi zinazojiandika.

"Sheikh," akasema, tena kwa adabu, "hawa si wa mtaa. Hawa ni wenu."

Akatueleza mambo ambayo ilitupasa kuyajua. Mbu anayeleta chikungunya na homa ya dengi si yule wa malaria. Yule wa malaria huuma usiku, na chandarua humzuia. Huyu ana miguu yenye madoa meupe, huuma mchana, hasa asubuhi na saa za alasiri kuelekea magharibi, wakati ambapo baba yuko kazini au msikitini na mama yuko jikoni. Hapendi mtaro wala ziwa. Hupenda maji safi yaliyotulia: pipa, mtungi, ndoo, gurudumu la gari lililotupwa uani, sahani chini ya chungu cha maua. Yai likiwa kiluwiluwi, mbu mzima hutoka kwa muda kama wa wiki moja hadi siku kumi. Tena mayai hubandikwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji yapande. Kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi, lazima chombo kisuguliwe. Na mbu huyu hasafiri. Aghalabu hufa karibu na alipozaliwa, pengine hajapita nyumba chache.

Hata Lamu, akasema, mwaka ule wa 2004 ulikuwa wa ukame. Watu waliweka akiba ya maji majumbani, wala hawakuyabadilisha mara kwa mara kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa adimu. Maradhi hayakuletwa na kisiwa.

Mwenyezi Mungu amemtaja mbu katika Surat al-Baqara, na aya hiyo tumeisomesha mara nyingi tusizoweza kuzihesabu, ilhali pipa letu lilikuwa likimlea hatua kumi kutoka ubaoni.

Hatuwezi kuapa kwamba aliyemuuma mwenzetu mwaka 2018 alitoka humo. Lakini pipa lilikuwepo, lilikuwa mlangoni pake, na aliyeliweka ni sisi. Mwaka mmoja na nusu tulikuwa tukizilaumu Kilifi na Kwale na Lamu kwa kosa lililokaa uani kwetu.

Usiku ule tulimweleza yote. Tulitarajia machozi au hasira. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "La pipa nimesamehe, hukujua. Lakini kuna jengine, mzee wangu. Fedha za kiwanja ni zangu, na tangu tuanze kuzunguka hujaniuliza hata siku moja mimi nataka kukaa wapi. Umeniuliza panapouma na pasipouma tu."

Ndugu zetu, tumesomesha fiqhi ya ndoa kwa miaka thelathini. Tumewaambia waume mbele ya mashahidi kwamba mali ya mke ni ya mke, hata sindano yake ya kushonea. Na tulikuwa tumepatana bei ya ardhi na dalali mara mbili kwa fedha ambazo hatukuruhusiwa kuzitia bei. Tulimwomba radhi. Kisha tukamuuliza.

"Lamu," akasema. "Kwa mamangu."

Tukaenda. Yeye ndiye aliyeongoza, na hakuwa na haja ya dalali. Alifika alasiri makusudi, akaketi katika kiwanda cha ndani, akakunja mikono ya gauni mpaka viwikoni, akakaa hadi adhana ya magharibi akihesabu. Aliumwa mara nne. Hakuridhika mpaka ajue wanakotoka. Nyumba ya jirani, ambaye ni binti wa mamake mdogo, ilikuwa na mitungi miwili isiyo na vifuniko. Yeye hakumlaumu mtu. Alisugua mitungi pamoja na nduguye wakipiga soga za utotoni, wakaifunika kwa kitambaa kilichofungwa kamba. Tuliporudi baada ya majuma matatu aliketi pale pale. Mara moja.

Nyumba zile za kale za mawe zina ujuzi ambao sisi wa mapipa ya plastiki tumeupoteza. Chooni mna birika la maji, na wazee walikuwa wakifuga humo samaki wadogo wanaokula viluwiluwi. Mwenzetu anakumbuka akipigwa kofi utotoni kwa kumtoa samaki mmoja ili acheze naye. Birika la mamake lilikuwa limepasuka na kukauka, na mtu alikuwa ameweka ndoo mbili wazi ndani yake. Tukaagiza fundi alizibe upya.

Shimo la choo nalo lina mbu wake, yule wa kahawia anayezaliwa katika maji machafu na anayeeneza matende na mabusha. Kwa huyo tulikumbuka habari ya Makunduchi, Unguja, ambako mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga katika vyoo vya shimo punje nyepesi nyeupe, za aina ile inayozungushwa televisheni mpya ndani ya boksi. Punje zikaelea, zikafunika maji, viluwiluwi vikakosa pumzi, na mbu wale wakapungua sana, huku wanakijiji wakipewa dawa za matende. Fundi wetu alidhani tunafanya mzaha. Sasa amezimwaga katika choo chake pia.

Tumeacha kuuliza iwapo Lamu haina mbu. Inao. Mwenzetu huvaa mikono mirefu saa za alasiri, madirisha mawili tumeyatia wavu, chandarua kipo kitandani, na ghorofa ya juu hupata kusi moja kwa moja bila kizuizi. Anaendelea kuogopa kila anaposikia mtu mtaani ana homa. Hofu hiyo hatukuweza kumtoa nayo Mombasa, na hatutaraji kuiacha bandarini.

Tutahama baada ya Idi, inshaallah. Hati ya ukarabati imeandikwa kwa jina lake, na kazi zimegawanywa. Sisi tumepewa ya kusugua birika na mitungi kila Ijumaa kabla ya kuoga kwa ajili ya sala, na mjukuu wetu wa miaka sita amepewa ya kuhesabu samaki. Wiki iliyopita walikuwa saba. Juzi akatupigia simu binamuye aliyeko kule, amewaona sita tu, na tangu hapo hatulali kwa maswali ya mtoto huyu.