Ng'ombe wawili na kitambaa cha kufutia ndege

Mama muuza mchele wa Kahama aliuza ng'ombe wawili ili kijana wake asomee ufundi wa ndege Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Juzi kijana akamtumia picha akiwa kazini Mwanza: ameshika kitambaa, anafuta bawa la Cessna. Mama akapiga simu.

"Ng'ombe wangu wameishia kwenye kudeki?"

"Siyo kudeki, mayu."

Akamweleza. Wadudu na vumbi vikiganda ukingo wa mbele wa bawa, hewa haipiti vizuri. Ndege inavutwa nyuma na nguvu ya kunyanyuka inapungua. Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jua la mchana huifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Hapo ndege hukimbia umbali mrefu ndipo iruke, ilhali viwanja vingine ni vifupi na vya vumbi. Ndiyo maana ndege nyingine hubandikwa vibati juu ya bawa, vidogo kuliko kidole gumba, ili hewa isiachane na bawa mapema rubani anapopunguza mwendo kutua. Navyo havibandikwi kwa kubahatisha. Fundi hufuata michoro iliyoidhinishwa, kipimo kwa kipimo.

"Na ukikosea?"

"Ndani anaweza kuwemo mjamzito anayekimbizwa Bugando."

Mama akanyamaza. Kisha akauliza mshahara, kama mzazi yeyote. Ni mdogo kuliko wa binamu yake wa mgodini.

"Na glavu wanakupa? Mikono kwenye picha imebabuka."

Wanampa. Huwa anazivua.